Muuguzi Aliyebandua Tanzia

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Najua saa hizi wengi wenu mko jikoni, supu iko mezani na redio iko juu ya jokofu. Leo naomba muongeze sauti kidogo. Mnanijua, sauti yangu ni ndogo, na kipindi cha leo ni kizito kwangu kukisoma.

Leo tunamkumbuka Nevyana Tsolova. Nevyana Tsolova, muuguzi. Alifanya kazi miaka thelathini na moja katika wodi ya kifua ya hospitali ya mji wetu wa Belorechie. Alifariki Ijumaa ya wiki iliyopita, tarehe tisa Februari. Alikuwa na miaka hamsini na nne. Kwenye cheti wameandika ni moyo. Binti yake, Ralitsa, aliniambia hivi: "Waandike moyo, sawa. Lakini mama alianza kufa mwaka ule wa korona, na sisi wote tulikuwa tunamwangalia."

Wengine mnamjua Nevyana kwa jina jingine. Mnamjua kama yule mwanamke aliyekuwa akibandua tanzia za watu, zile karatasi zenye picha ya marehemu tunazobandika milangoni na kwenye nguzo. Sitajifanya silijui jina hilo. Nitafika huko.

Kwanza niseme jambo lililonileta mbele ya maikrofoni. Jumamosi familia ilibandika tanzia ya Nevyana kwenye mlango B wa jengo lao, jengo namba kumi na nne, karibu na kiwanda cha zamani cha betri. Karatasi moja, ukingo mweusi, picha aliyopigwa siku ya harusi ya mdogo wake. Jumapili tulimzika. Jumanne asubuhi tanzia ile haikuwepo. Mtu alikuwa ameibandua.

Wasikilizaji wapendwa, hapa kwetu tanzia haibanduliwi. Mvua huilowesha, jua huipausha, upepo huichukua kipande kwa kipande. Mtu hagusi. Kwa hiyo Jumanne, pale mlango B, watu walisimama na mifuko yao ya mkate wakasema maneno mawili tu: "Amelipwa."

Sasa nianze mwanzo.

Nevyana alizaliwa kijiji cha Rakovets, ng'ambo ya kilima. Baba yake alikuwa fundi wa matrekta. Mdogo wake, Penka, anasema hakuwahi kumwona dada yake akinyamaza. "Alikuwa mrefu, na alikuwa na kicheko cha kuku wa kike anayetaga," Penka aliniambia. "Mama alikuwa anamwambia, 'Neva, funika mdomo, mchumba atakimbia.' Naye anajibu, 'Akikimbia kwa kicheko tu, mama, si ndio nimeokoka?'"

Mchumba hakukimbia. Aliitwa Iliya, dereva wa malori. Walioana, wakapata Ralitsa, wakahamia jengo namba kumi na nne, ghorofa ya nne. Iliya alikuwa barabarani sehemu kubwa ya mwaka, Uhispania, Ufaransa, kurudi, kwenda. Nevyana alikuwa wodini.

Wodini alikuwa mkali, na alikuwa mcheshi. Muuguzi mkuu, Violeta Mincheva, anakumbuka namna alivyowalisha wazee waliogoma kula. "Alikuwa anavuta kiti, anakaa, anachukua kijiko. 'Haya babu, usipokula supu hii nitaila mimi, halafu nitaandika kwenye faili kwamba umekula. Na kesho daktari ataona unakula vizuri, atakuruhusu uende nyumbani kwa mkeo. Unataka kwenda nyumbani kwa mkeo?' Mzee anafikiri, anasema, 'Lete supu hapa, nibaki.' Wodi nzima inacheka."

Hicho kicheko kilikuwepo hadi Novemba ya mwaka elfu mbili na ishirini.

Mnaikumbuka Novemba ile. Sitaki kuwarudisha huko kwa muda mrefu. Mnakumbuka mlango wa hospitali uliofungwa, na sisi tumesimama uani na mifuko ya plastiki yenye majina. Maji, mtindi, soksi, chaja ya simu. Muuguzi anatoka amevaa nguo nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, anachukua mifuko kumi, ishirini, anarudi ndani. Hatukujua ni nani. Walikuwa wakiandikana majina kifuani kwa kalamu nene. Nevyana aliandika NEVA, na chini yake akachora masharubu. Kuna mgonjwa alimwita Bwana Neva kwa siku tisa. Alipopona, akauliza, "Yule bwana mwenye mikono laini yuko wapi nimshukuru?"

Wengi hawakupona.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo lililomvunja. Muuguzi wa mji mkubwa akitoka kazini, amemwacha mgonjwa wake hospitalini. Kwetu hapa sivyo. Nevyana alitoka zamu saa moja asubuhi, akatembea dakika kumi na mbili kwenda nyumbani, na kwenye kila nguzo, kila kituo cha basi, kila mlango, wagonjwa wake waliokufa walikuwepo kwenye tanzia. Picha zao. Walikuwa wamevaa tai. Walikuwa wamesuka nywele. Yeye alikuwa amewajua wakiwa na barakoa ya oksijeni usoni, na sasa ndipo anaziona nyuso zao. Kisha siku ya arobaini tanzia mpya. Miezi mitatu, mpya. Miezi sita, mpya. Kwetu marehemu anarudi mlangoni kwa ratiba.

Penka alikuja kukaa naye majira yale ya baridi. Anasema alianza kuona mambo madogo. Nevyana alisimama kwenye bomba akinawa mpaka maji ya moto yakaisha, na aliendelea kunawa. Alinunua mkate, akausahau dukani, akarudi, akausahau tena. "Nilikuwa nalala kwenye kochi," Penka anasema. "Nikifumbua macho, yupo kwenye kiti. Anaangalia kifua changu. Nikamwambia, 'Wewe, unanitisha, unafanya nini?' Akasema, 'Lala. Ishirini kwa dakika. Uko vizuri.' Alikuwa anahesabu pumzi zangu, dada yangu. Kila siku."

Halafu akaacha kupita mlango wa mbele. Alishuka hadi chumba cha boila, ule mtambo wa kupasha jengo joto, akatokea mlango wa nyuma wa kuingizia makaa. Alisema ni karibu zaidi. Si karibu. Ni mbali.

Je, hakuna aliyemsaidia? Violeta alinijibu kwa kucheka kidogo, kicheko kibaya. "Walituletea mtaalamu wa ushauri nasaha. Alhamisi moja, kutoka mji wa mkoa. Mama mpole sana. Hakukuwa na chumba, wakatuweka kwenye chumba cha kufulia. Tumekaa juu ya mashuka, wauguzi saba. Akauliza, 'Nani angependa kuanza?' Nevyana akasema, 'Mimi ningependa kulala.' Tukacheka. Mwanangu, tulicheka mpaka yule mama naye akaanza kucheka, machozi yanatutoka, mashine ya kufulia inazunguka. Saa yake ikaisha. Akatuachia karatasi yenye namba ya simu. Hakuna aliyepiga."

"Kwa nini hamkupiga?" nikamuuliza.

"Mji huu? Kesho yake dukani wangekwambia, 'Pole, nasikia umechanganyikiwa.' Na keshokutwa, nani atakubali umchome sindano?"

Wasikilizaji wapendwa, katika jengo lilelile namba kumi na nne, mlango uleule B, ghorofa ya chini, anakaa Mzee Metodi. Ni fundi umeme mstaafu. Mkewe aliitwa Dochka. Dochka alilazwa wodi ya kifua Novemba ile, akafariki tarehe kumi na tisa. Muuguzi wake alikuwa Nevyana. Walikuwa majirani kwa miaka ishirini na sita.

Mzee Metodi hakuruhusiwa kuingia. Aliacha mifuko mlangoni kama sisi wote. Baada ya mazishi, mwezi Desemba, alimsubiri Nevyana kwenye ngazi. Alimwuliza swali moja. "Nevyana, mwanangu, alisema nini? Alisema neno lolote?"

Nevyana akamjibu, "Alilala tu, Mzee Metodi. Hakuteseka. Hakusema kitu."

Mzee akasema asante. Akaingia ndani. Ameishi na jibu hilo miaka mitatu: kwamba mke aliyeishi naye miaka arobaini na nne aliondoka bila neno kwake.

Kuanzia mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, tanzia zikaanza kupotea. Moja mlango B. Mbili kituo cha basi. Moja kwenye nguzo mbele ya duka la dawa. Hazikuchanika kwa upepo. Zilitolewa vizuri, pembe zote nne. Watu wakaumia. Nani anamkosea maiti heshima? Mtu mmoja alimshuku mwehu, mwingine aliwashuku vijana.

Na hapa lazima niseme. Aprili ile, barua ilikuja hapa redioni, imesainiwa na familia sita. Ilimlaani mtu huyo. Ilisema mkono wake ukauke. Iliomba kila anayejua atoe taarifa. Ilisomwa hewani mara tatu kwa siku, kwa wiki moja. Nilikuwa nimetoka chuoni, ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Sauti iliyoisoma ni hii mnayoisikia.

Nevyana alikuwa na redio jikoni, juu ya jokofu.

Tarehe kumi na tisa Mei, Jumatano, ilitimia miezi sita ya Dochka. Mzee Metodi alibandika tanzia mpya mlangoni usiku wa kuamkia siku hiyo. Saa moja na nusu asubuhi Nevyana akarudi kutoka zamu. Siku hiyo alipita mlango wa mbele. Alisimama. Akatoa kisu kidogo cha matunda kwenye mkoba, akaanza kukata gundi kwenye pembe, polepole, kama anayetoa plasta kwenye ngozi ya mtoto.

Dirisha la ghorofa ya chini likafunguka.

"Wewe! Unafanya nini hapo?"

"Mzee Metodi, subiri nikwambie..."

"Kumbe ni wewe! Ni wewe! Hospitalini umenimalizia, sasa umenifuata mpaka mlangoni?"

Bi Tinka wa ghorofa ya pili akatoka na shada la vitunguu mkononi, alilokuwa akilisuka. "Kuna nini huko asubuhi yote hii?"

"Mwizi wa wafu! Njooni mumwone mwizi wa wafu, amevaa viatu vyeupe!"

"Nani? Si Neva huyo?"

"Ndiye! Muuguzi wetu! Anawaua huko, anakuja kuwafuta huku!"

Watu wakajaa kwenye balkoni. Mtu akasema aibu. Mtu akasema ana kichaa, angalieni macho yake. Mtu akapiga makofi. Nevyana aliikunja ile karatasi, akaiweka ndani ya koti, kifuani. Akapanda ngazi ghorofa nne. Bi Tinka aliniambia wiki hii, "Alinipita hivi, karibu kabisa. Nikasogea pembeni. Nilisogea kama vile ananuka. Mungu anisamehe, ni yeye aliyenichoma sindano za miguu miaka yote ile."

Hospitali ikampa likizo. Likizo, ndivyo walivyoiita. Akakaa ndani kuanzia Mei hadi Oktoba. Ralitsa alikuwa akisoma Sofia, mji mkuu. Akipiga simu, mama anasema, "Niko sawa, nakausha pilipili." Ralitsa alimsihi aende kwa daktari wa akili, hata Sofia, ambako hakuna anayemjua. "Akasema, 'Mwanangu, mimi siumwi. Nina deni la maneno.' Nikadhani anapayuka. Nilibadilisha mada. Nilimuuliza pilipili ni ngapi."

Oktoba wodi ikajaa tena. Daktari Kutsarov, mkuu wa wodi, alimpigia mwenyewe.

"Nevyana, nina wagonjwa arobaini na wauguzi watatu."

"Waite walionipigia makofi, daktari. Wana mikono."

Daktari anasema alisikia maji yakitiririka upande wa pili wa simu. Halafu akasikia sauti ikiuliza, "Zamu inaanza saa ngapi?"

Mji uliomsukuma ukamhitaji, naye akarudi. Hakuna aliyemwomba radhi. Narudia, hakuna aliyemwomba radhi, na mimi ni mmoja wao. Alifanya kazi majira yote yale ya baridi. Aliwahudumia wagonjwa wawili wa zile familia sita. Kifuani aliandika NEVA. Masharubu hakuchora tena.

Aliacha kazi mwaka uliofuata. Iliya alipunguza safari. Walipanda nyanya kule Rakovets. Penka anasema alicheka mara moja, mbuzi alipokula kofia ya Iliya, na wote wakageuka kumtazama, naye akaacha.

Sasa nirudi wiki hii, wasikilizaji wapendwa.

Jumatatu, kesho yake baada ya mazishi, Ralitsa alifungua kabati la mashuka kutafuta kitambaa cha kufunikia bakuli la ngano iliyochemshwa ya msiba. Nyuma ya mashuka akakuta jalada la hospitali, lile la kijani lenye kamba. Ndani mlikuwa na tanzia. Thelathini na saba. Zimenyooshwa kwa pasi. Akaogopa. Alikuwa anajua sifa ya mama yake, lakini hakuwahi kuziona kwa macho.

Halafu akageuza moja.

Upande wa nyuma kulikuwa na maandishi. Kalamu ya bluu, mwandiko wa Nevyana, ule wa kwenye faili za wagonjwa. Kila tanzia ilikuwa na kitanda, tarehe, na alichosema mtu yule mwishoni. Kwa sababu ninyi hamkuwepo. Kwa sababu hawakuturuhusu kuwepo. Alikuwepo yeye.

Ralitsa ameniruhusu kusoma machache, bila majina.

"Kitanda cha pili. Aliomba soksi za sufi, si zile za kijivu."

"Kitanda cha saba. Aliuliza mechi iliishaje. Nikasema walishinda. Walifungwa."

"Kitanda cha kwanza. Hakusema. Alinishika kidole hiki kimoja tu, nusu saa. Nilihitajika kitanda cha tano. Nikakitoa kidole."

Hayo matatu yanatosha. Mengine yana wenyewe.

Ralitsa alichagua ile ya Dochka, kwa sababu mumewe anakaa ghorofa ya chini tu. Jumatatu mchana akashuka na karatasi, akagonga. Mzee Metodi alifungua, akamwona binti wa Nevyana, akataka kufunga. Ralitsa akasema, "Mzee, si yangu hii. Ni yako. Soma nyuma."

Mzee Metodi jana alikuja hapa studio. Alikuja na koti lake la Jumapili. Amenipa ruhusa ya kuisoma. Ameniambia, "Isome yote. Usiruke kitu." Nitaisoma yote.

"Dochka, kitanda cha nne. Kabla ya mashine ya kupumulia. Alisema: mwambie Metodi azungushe maji ya kabichi. Kila siku ya tatu, ayatoe chini ya pipa, ayamwage juu. Asisahau. Yeye ni msahaulifu, pipa zima litaoza. Nikasema nitamwambia. Siku hiyo nilikuwa na wengine kumi na wanane. Sikumwambia. Nilikumbuka baada ya wiki mbili, nilipoingia kwenye ngazi nikasikia harufu. Imeoza. Pipa lilitupwa, lakini hadi leo nikipanda nasikia harufu. Ameniuliza alisema nini. Ningemjibuje? Nimesema hakusema kitu. Nimemnyang'anya."

Hayo ndiyo yaliyoandikwa.

Nadhani kila nyumba hapa inajua maana yake. Novemba ndio mwezi wa kujaza pipa la kabichi ya chumvi, mboga yetu ya majira ya baridi. Kabichi haingoji msiba. Usipoyazungusha maji, juu hufanya utando, chini hulainika, na baada ya wiki mbili jengo zima linajua. Mlango B walijua. Bi Tinka aligombana na mzee juu ya harufu ile, naye akamjibu, "Acha inuke, kila kitu kwangu kinanuka." Krismasi akalitoa pipa kwa toroli akalitupa nyuma ya kiwanda.

Ralitsa anasema Mzee Metodi aliisoma amesimama. Akaisoma tena. Kisha akakaa kwenye ngazi, palepale, ngazi ya kwanza. Akasema, "Msahaulifu. Umesikia? Ameniita msahaulifu." Mabega yakawa yanatikisika, Ralitsa hakujua kama ni kilio au kicheko. "Huyo ni yeye. Huyo ni Dochka mwenyewe. Anakufa, ananipangia kazi."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne asubuhi tanzia ya Nevyana haikuwepo mlangoni. Mji ukasema amelipwa. Ralitsa akabandika nyingine, kwa hasira, wala hakutaka kuuliza ni nani.

Jana Mzee Metodi alikaa kwenye kiti kilicho mbele yangu hapa. Alikuwa na gazeti lililokunjwa. Akalifungua. Ndani mlikuwa na tanzia ya Nevyana Tsolova, pembe zote nne nzima, gundi imekatwa kwa kisu.

"Ni mimi," akasema. "Sema redioni kwamba ni mimi. Wasimsingizie mtu."

Nikamuuliza kwa nini.

"Ningepitaje pale, binti? Kila nikitoka kununua mkate, ananiangalia. Amevaa kile kigauni cha harusi, anacheka. Tangu nisome karatasi ile, nilishindwa. Nilipokuwa nakata gundi ndipo nikajiona. Nimeinama vilevile alivyoinama yeye. Nimeshika kisu vilevile. Kama mtu angefungua dirisha akaniita mwizi, ningemwambia nini?"

Akaigeuza ile tanzia. Nyuma ilikuwa nyeupe.

"Nilitaka niandike kama yeye," akasema. "Neno la mwisho. Nimekaa nayo tangu juzi na kalamu. Lakini la mwisho nililomwambia si mnalijua? Jengo zima lilisikia. Baada ya hapo tulipishana kwenye ngazi karibu miaka mitatu, sikumpa hata habari za asubuhi. Sasa niandike nini hapa?"

Nilimmiminia chai, akainywa ikiwa imepoa.

Baada ya kuondoka nilimpigia Ralitsa, nikamweleza yote. Nikasikia wanawake wakiongea nyuma yake, vyombo vikigongana. Kisha akasema, "Mwambie akae nayo. Si lazima aandike. Na mwambie siku ya arobaini nitakuwa nimerudi Sofia, kazini. Baba atakuwa barabarani. Kama anataka kubandika yeye tanzia mpya ya siku hiyo, ninamwachia Bi Tinka."

Nilimpelekea mzee ujumbe huo mwenyewe, kwa miguu. Alinisikiliza akiwa ameshikilia mlango. Akasema, "Gundi ninayo." Akataka kufunga, kisha akaufungua tena. "Niibandike usawa gani? Ile ya kwanza waliiweka chini sana. Yeye alikuwa mrefu."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa Iliya Tsolov, mumewe. Kwa Ralitsa, binti yake. Kwa Penka, mdogo wake aliyehesabiwa pumzi. Pole pia kwa Violeta na wauguzi wote wa wodi ya kifua, ambao hakuna aliyewapa chumba cha kulilia ila kile cha kufulia. Na kwako Ralitsa, najua unanisikiliza: ile barua ya Aprili niliisoma vizuri, kwa sauti safi, na sikujiuliza hata mara moja kama yule mtu anasikia. Naomba unisamehe. Ningemwomba yeye, lakini nimechelewa.

Jalada la kijani bado lina tanzia thelathini na sita. Kama uliacha mfuko mlangoni majira yale ya baridi, na kama hadi leo hujui alisema nini, Ralitsa yuko ghorofa ya nne, mlango B, hadi Jumapili. Gonga tu. Pengine ni soksi. Pengine ni kabichi. Nenda hivyo hivyo.

Na kama ndani ya mlango wako kuna muuguzi, mtazame. Anayenawa mikono mpaka maji yapoe. Anayepita chumba cha boila kana kwamba ni njia. Akikwambia ana deni la maneno, usimuulize pilipili. Vuta kiti. Mwambie, haya, niambie mimi. Na akipata mtu wa kumsikiliza huko Sofia au kwingineko, akirudi dukani, sisi tununue mkate wetu tunyamaze.

Siku ya arobaini ya Nevyana Tsolova itakuwa tarehe kumi na tisa Machi. Tanzia yake itakuwa kwenye mlango B wa jengo namba kumi na nne, juu kidogo kuliko nyingine. Atakayeibandika ni Mzee Metodi.

Msiiguse. Iachieni mvua.